Saa Nne, Isipokuwa Pana Sherehe

Jumapili, 27 Julai

Asnath ana siku kumi na tisa duniani na tayari anazijua nyimbo zote za baa. Hongera mwanangu. Mama yako amelala masaa mawili, tena ya vipande vipande.

Kati ya ukuta wa chumba chetu na ukuta wa baa ya Alphonce pana kichochoro cha kupita mbuzi mmoja, tena aliyekonda. Mbele ya baa ameandika KARIBU UPUMZIKE kwa rangi nyekundu. Anayepumzika simjui. Treni ya mizigo inapita hapo chini, vyombo vinatetemeka kabatini — mtoto hata kope haitikisiki. Besi ya Alphonce ikianza, anarusha mikono juu kama mwizi aliyezungukwa. Na besi inaisha saa tisa za usiku. Jana iliisha saa nane, kwa heshima ya watakaokwenda kanisani.

Kazaliwa na kilo mbili nukta nne. Jumatatu kliniki: kilo mbili nukta nne. Nesi akaniuliza kama napata usingizi. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema mama anayekesha maziwa yanamkimbia, nijitahidi kupumzika. Nikamwambia napumzika, si naishi nyuma ya Karibu Upumzike.

Jumatano, 30 Julai

Gari la matangazo limepita asubuhi. Mkutano Jumamosi, ajenda ni saa za kufunga baa na vilabu. Mtendaji anataka maoni ya wananchi. Maoni! Ninayo gunia zima, na lingine la akiba.

Chediel hakufurahi. Mume wangu ni bodaboda, na kijiwe chake kiko mbele ya baa hiyo hiyo. Anasema walevi wakitolewa mapema watakuwa bado wanaweza kutembea. Ni kweli kabisa.

Mama Redempta, jirani anayeniletea uji, kanikataza kwenda. Mzazi hatoki nje kabla ya arobaini. Nikamwambia: mama yangu, ndani ndiko kunakoniua.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimekwenda. Mtoto nimemfunika gubigubi, maana upepo wa siku hizi unabeba vumbi la wilaya nzima. Wamama wamenitazama kama nimetoroka gerezani. Shikamoo, shikamoo, nikakaa mbele.

Alphonce alikuja na koti la suti. Akasema baa yake inalinda mtaa, kwa sababu mwizi hapiti penye watu macho. Kwa hiyo tumekuwa tukilindwa bure miaka yote hii na hatukushukuru! Akaomba saa nane. Mama Redempta akasimama na kuomba saa kumi na mbili jioni. Wakacheka. Mtendaji, Bwana Paschal — kijana, kalamu tatu mfukoni — akasema basi tukutane katikati, saa nne usiku. Makofi.

Ingeishia hapo, leo ningekuwa mtu mwenye akili.

Mzee mmoja akauliza, na harusi je? Na aliyenyoosha mkono kumjibu ni nani? Mimi. Nikawasimulia harusi yangu kule Sepuka, mgambo alivyokuja kung'oa waya wa muziki na taa nikiwa namlisha mama mkwe keki. Giza likaingia, keki ikaingia puani. Watu walicheka mpaka wakapangusa machozi. Nikanogewa. Nikasema sherehe ya mtu haikatwi katikati. Saa nne iwe ya baa, ila penye sherehe waachwe mpaka mwenye sherehe mwenyewe aondoke.

Mtendaji akaandika kama nilivyosema. Isipokuwa pana sherehe ya mkazi, kwa kibali, mpaka mwenye sherehe aondoke. Kibali kibandikwe mlangoni. Ikapita kwa kauli moja.

Aliyepiga makofi kuliko wote ni Alphonce. Nilimwona. Nikadhani ana roho nzuri.

Jumanne, 5 Agosti

Tatu! Usiku wa tatu huu kimya kinaanza saa nne. Jana niliamka kwa hofu nikamwekea mtoto mkono kifuani. Alikuwa amelala tu. Mtoto analala! Na maziwa yamejaa, nimelowanisha gauni kama bomba limepasuka. Chediel anarudi mapema, kanuna, lakini anamshika mtoto, anamwimbia Kinyaturu kwa sauti mbaya. Sikumwambia ni mbaya.

Nilitoa maoni mimi. Serikali ni watu.

Jumatano, 6 Agosti

Kliniki: kilo mbili nukta nane. Nesi kanipa mkono kama nimefaulu mtihani.

Jioni — bethidei ya mhudumu wa baa. Mpaka saa nane. Sawa, binti wa watu, ana haki.

Jumatatu, 11 Agosti

Niorodheshe nisije nikaambiwa nimeota.

Alhamisi: kumpongeza mkazi aliyenunua bati. Ijumaa: Nane Nane, wamesherehekea wakulima ambao hawajashika jembe tangu shule ya msingi. Jumamosi: kipaimara cha mtu mwenye mvi. Jumapili: kumuaga mkazi anayesafiri kwenda Itigi. Leo: kumpokea mkazi aliyerudi kutoka Itigi.

Mtaa wetu una furaha sana. Sijui kwa nini wanasema hali ngumu.

Nimemfuata mtendaji ofisini, mtoto mgongoni. Nikamwambia hizi si sherehe, ni ujanja wa baa. Hakukasirika. Akafungua faili, akageuza muhtasari unitazame, akaweka kidole chini ya mstari.

"Mama Asnath, haya maneno ni yako. Mimi niliandika tu."

Akaniambia kwa upole kwamba sheria haijasema sherehe ya nini. Akaniuliza kama nataka yeye ndiye awe anapima furaha ya watu. Nikasema ndiyo. Akacheka, akanipa kiti nikanyonyeshe.

Jumatano, 13 Agosti

Kliniki: kilo mbili nukta nane. Wiki nzima hajaongeza hata gramu. Nesi hajanipa mkono. Ijumaa ya wiki ijayo asipopanda, ataandika barua tukalazwe. Kasema hivyo huku akiifunga kadi taratibu.

Wakati wa kurudi nikapita mbele ya baa, nione leo anayesherehekea ni nani. Kibali cha Jumamosi kimeshabandikwa. Nimekisoma mara mbili.

Sherehe: arobaini ya mtoto Asnath. Mwenye sherehe: Chediel, baba wa mtoto. Sahihi. Muhuri.

Sahihi ya mume wangu naijua, ile C yenye mkia.

Kwa hiyo mwanangu asiyelala kwa sababu ya baa, sasa ndiye sababu ya kisheria ya baa kutofungwa. Tena Jumamosi ni siku ya thelathini na tisa. Hata arobaini yenyewe wameshindwa kuingoja.

Usiku huo huo

Nilipanga kumpigia kelele Chediel. Niliipanga vizuri tangu mchana. Alipoingia nikamwekea kadi ya kliniki mezani, juu ya sahani yake, nikamuuliza amesaini nini.

Akaisoma muda mrefu. Halafu akasema taratibu kwamba Alphonce alimfuata kijiweni, akamwambia atatoa mbuzi, pilau, keki yenye jina la mtoto, na turubai. Sahihi tu. "Mama Asnath, mimi nitampikia pilau lini mwanangu? Nilitaka na yeye atolewe nje kama mtoto wa watu."

Hapo kelele zangu zote zikaisha. Nikampakulia ugali. Nikampenda, nikamwona mjinga, vyote kwa pamoja, kama kawaida ya ndoa.

Lakini nikamwambia pia: saa nne tunatoka pale. Wewe, mimi na mtoto. Ukitoka wewe, kibali kimekwisha. Akasema Alphonce atamfukuza kijiweni. Nikasema nesi atatulaza wodini. Hajasema ndiyo. Hajasema hapana. Amelala na kadi ya kliniki kifuani.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandikia kwenye meza kuu. Daftari nimelileta kwenye mkoba wa nepi, wanadhani naandika zawadi.

Turubai, maputo, kitambaa cha dhahabu. Watu wamejaa, nusu yao siwajui, wote wanampenda sana mwanangu. Mama Redempta kaja na khanga mpya, kamnyoa mtoto nywele za tumboni asubuhi huku akinung'unika kwamba siku haijatimia. Kampaka mafuta. Kichwa kinang'aa kama yai. Mzuri jamani. Nilitaka kulia, nikaahirisha.

Nilipoingia tu nikamwita emsii. Nikamwambia mgeni rasmi ana siku thelathini na tisa, na amelala, apunguze muziki. Akamtazama Alphonce. Nikamwambia sherehe ni ya nani? Akapunguza. Saa kumi na mbili nikaomba spika zigeuzwe zitazame barabara. Zikageuzwa. Saa mbili watu walikuwa wananong'ona kwenye baa! Mzee mmoja alipiga chafya, akaomba radhi.

Alphonce anatabasamu kwa meno tu.

Saa tatu na nusu nilisema keki ikatwe. Akasema bado mapema, keki ni ya saa sita. Mama Redempta akaenda jikoni mwenyewe, akarudi nayo kichwani. Imeandikwa HONGERA ASNATI. Tumekata. Nimemlisha mama mkwe, safari hii kwenye mwanga, imeingia mdomoni.

Pilau limeliwa. Keki imekatwa. Mtoto kanyonya upande mmoja akalala tena.

Saa nne kamili. Nimesimama nikasema asanteni, wenye sherehe tunaondoka.

Alphonce kaniwahi. Kasema kwa upole, watu wote wakisikia, mama na mtoto wakalale salama, wamechoka, lakini mwenye sherehe kwenye kibali ni Chediel, na Chediel bado yupo, bado ana kiu. Wateja wakapiga makofi. Mtendaji alikuwa meza ya pili, na chupa. Kaagiza kibali kiletwe kutoka mlangoni. Kakisoma. Kasema ni kweli, imeandikwa Chediel.

Basi nikakaa tena. Kiti cha Chediel pembeni yangu kitupu. Alikuwa ametoka nje dakika chache kabla, abiria wawili wanamwita, wanataka kwenda stendi. Nilimwona kwenye mwanga wa mlango, ufunguo mkononi, anawatazama wao, anatutazama sisi. Nikamnyooshea kidole mtoto. Akaangalia chini.

Halafu pikipiki ikawaka.

Naijua ile pikipiki, inakohoa mara mbili kwanza. Imekohoa. Imekwenda. Imeshavuka reli sasa, sauti inapungua.

Kwa hiyo ndiyo hivyo. Ameniacha hapa na keki. Nimeinama, nimemrekebisha mtoto shuka, maana sikutaka waone uso wangu.

Ndipo wazo likanijia. Taratibu, kama maziwa.

Nimemwambia mtendaji, bila kunyanyua sauti, mtoto kalala: "Mwenye sherehe ameondoka."

Emsii kazima muziki mwenyewe, hakuambiwa na mtu. Alphonce anasema ni abiria tu, anarudi sasa hivi. Mama Redempta anamuuliza ni wapi palipoandikwa kurudi. Naandika.

Sijui kama ameondoka kwa ajili yetu au kwa ajili ya wale wawili.

Saa nne na dakika kumi na moja. Mtendaji anakisoma kibali mara ya tatu. Chupa yake bado iko nusu.