Bega la Wifi

Jumanne, 4 Machi
Leo wifi ameshindwa kufunga zipu ya gauni. Nimemwona kwenye kioo – mkono ulifika kiunoni, ukagoma. Akajifanya anajikuna. Nami nikajifanya nasoma. Moyoni nilipiga vigelegele! Mcheka kilema hafi bila kumfika.

Jumatano, 5 Machi
Mwaka jana bega langu lilipoanza kukaza, aliwaambia ndugu wote naigiza ili nisifue nguo. Bega la uvivu, alisema. Akapandisha vikombe rafu ya juu, ati nijinyooshe. Kisha akamleta mama mkandaji, alivute mpaka lilie ka! Likalia. Hospitali wakasema liliganda tu, lingelegea taratibu bila kuvutwa. Sasa kano imechanika. Nywele zangu nachanwa na jirani. Wifi hajasema hata pole. Ati kosa ni langu, nilijikaza mno.

Nyumba, vitabu, kaburi la mume wangu – hivyo nilinyang'anywa na vita, nikaja kuishi kwake wifi. Bega nimenyang'anywa na mtu ninayekunywa naye chai.

Jumatatu, 10 Machi
Kliniki. Vidole vyangu vimepanda ukuta mpaka usawa wa kidevu. Nikamuuliza binti wa mazoezi, kana kwamba naulizia jirani, wala si wifi: mtu mwenye kisukari, bega limeanza kukaza, afanyeje? Akasema wenye kisukari huganda mabega sana. Awahi. Mazoezi mepesi, maji ya moto, na asivutwe kabisa. "Mwambie aje upesi, bibi." Nikasema nitamwambia.

Nimerudi. Sijamwambia.

Alhamisi, 13 Machi
Anasinzia ameketi, mkono kaupakata kama mtoto mgonjwa. Asubuhi akauliza, hivi vikombe nani aliviweka kule juu?
"Mwenye nyumba," nikasema.
Tumekunywa chai kwa mabakuli, wazee wawili.

Ijumaa, 14 Machi
Nimemsikia kwenye simu. Mkandaji yule yule aje kesho, avute kwa nguvu zake zote. Yeye si mwoga kama wengine. Wengine ni mimi. Vema!

Jumamosi, 15 Machi
Mkandaji yuko jikoni, anapasha mafuta. Nimejichagulia kiti kinachoona vizuri. Wifi ameketi mbele yangu, bega wazi, jembamba kuliko nilivyodhani.
"Unaandika nini, wifi?"
"Mambo yangu."
Akatazama mlango wa jikoni. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo:
"Wifi. Siku ile alipokuvuta – uliumia kweli?"

Mwaka mzima nimeyangoja maneno hayo. Nilikuwa nimetunga jibu refu, la kumwangusha chini. Sasa yanatakiwa maneno mawili tu. Niliumia sana – atamfukuza mkandaji. Hata kidogo – atanyoosha mkono.

"Ngoja nimalizie mstari," nimemwambia.

Mkandaji ameingia na mafuta yake. Kamshika kifundo cha mkono. Wifi hamtazami yeye, ananitazama mimi. Mstari umekwisha, na bado naandika –