Alilala Somoe, Tukamwamsha Mama Zubeda

Jumapili jioni, Mkomaindo, Masasi. Baridi.

Leo kumekucha na ukungu, hata majabali hayaonekani, na mimi nimeamka nimechoka kuliko nilivyolala. Shajara yangu, sijakufungua siku nyingi. Nilikuwa na watoto wawili kifuani, na mdogo wangu alikuwa hospitali anapumua kwa mashine.

Naandika kwa sababu nikilala bila kuandika, nitakuja kudhani niliota.

Somoe ni mdogo wangu wa mwisho. Mama alipofariki alikuwa darasa la nne, na mimi ndiye niliyemalizia kumlea. Nikampikia, nikamchapa, nikamsuka, nikamwoza. Ameolewa Newala na hii ndiyo mimba yake ya kwanza. Ilipokaribia mwisho akaanza kuvimba uso na miguu, kichwa kinamgonga, akaniambia kwa simu kwamba ni uchovu tu. Na mimi nikamwambia apumzike. Siku ya pili akapata degedege. Kifafa cha mimba. Wakamteremsha huku Masasi kwa gari la wagonjwa, akapasuliwa, mtoto wa kike akatoka analia vizuri.

Yeye hakuamka.

Daktari alisema mapafu yamejaa maji. Wakampitishia mpira kooni, wakampa dawa ya usingizi, mashine ikawa ndiyo inampumulia. Nilipoingia kumwona mara ya kwanza sikuogopa ule mpira, wala plasta zilizombana mashavu. Niliogopa kifua. Kilikuwa kinapanda na kushuka sawasawa, sawasawa, kama mtu anapiga pampu ya kisima. Binadamu hapumui hivyo. Binadamu huwahi, huchelewa, hushusha pumzi akikumbuka jambo.

Mtoto nikamchukua mimi. Walinipima damu kwanza, wakaniruhusu kumnyonyesha. Nilikuwa na maziwa kwa sababu ya Jafari wangu, aliyetimiza mwaka na bado haelewi kwa nini ashike foleni. Nikimweka mtoto huku, Jafari huku, Jafari ananyoosha mkono anamvua mwenzake kofia. Kila akivuliwa namvisha. Hiyo ndiyo imekuwa kazi yangu.

Mama Issa, mkwe wa Somoe, akashuka kutoka Newala na furushi la nguo na jina la mtoto. Zubeda, jina la mama aliyemzaa yeye Mama Issa. Nesi wa zamu, mwanamke mmoja mcheshi, akamtania alipokuja kunawa pale mlangoni.

“Nawa tu mama, usibane. Huku kwetu maji yapo.”

“Sisi wa Newala tunayafuata mbali, ndiyo maana tunajua kuyaoga,” Mama Issa akamjibu. “Nyie wa bombani mnalowana tu.”

Nikawapenda wote wawili kwa kucheka mahali pale.

Lakini tangu jina lile lifike, hakuna aliyemwita tena Somoe. Mama Issa alikuwa mkali kwa hilo. Mwanamke akishazaa haitwi jina tupu. Manesi wakakubali, tena kwa adabu, na mimi nikakubali. Nani angekataa? Ni heshima.

Alhamisi wakampunguzia dawa ya usingizi. Daktari akatueleza bila kuzunguka. Ule mpira hautakiwi kukaa sana, ukikaa unaleta homa ya mapafu. Anataka kuutoa, ila kwanza aone kwamba mgonjwa anasikia. Akiambiwa fumbua macho, afumbue. Akiambiwa bana mkono, abane. Asipofanya hivyo, atasafirishwa kwenda hospitali kubwa zaidi, na safari yenyewe ni ya hatari.

Walimwita tangu asubuhi.

“Mama Zubeda. Mama Zubeda, fumbua macho.”

Kimya. Nesi akampigapiga bega. “Mama Zubeda, unanisikia? Nibane mkono.” Mkono umelala kama nguo. Mama Issa akajaribu naye, kwa sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya shamba, mpaka akaambiwa apunguze. Mchana ukapita. Nilimwona nesi anamtazama daktari, na daktari anatazama chini.

Nilikuwa nimesimama miguuni kwa kitanda nimevaa lile gauni lao la kijani. Nikajiuliza, hivi mimi mtu akiniita Mama Fulani ambaye simjui, nitageuka?

“Sista,” nikasema, “huyo mnayemwita, yeye hamjui.”

“Hamjui nani?”

“Mama Zubeda. Alipopoteza fahamu hakuwa mama wa mtu. Mwiteni Somoe.”

Mama Issa akanigeukia. “Mama Jafari, mke wa mwanangu amezaa. Unataka aitwe jina tupu mbele za watu, kama mtoto anayetumwa dukani?”

“Shikamoo yako naitoa kila siku, mama, na heshima yake nitampa,” nikamwambia. “Lakini itabidi imsubiri aamke.”

Nesi akanisogezea nafasi, nikainama sikioni kwa mdogo wangu. Sikujua niseme nini, nikasema nilichozoea kumwambia miaka yote ile anapokwenda shule.

“We Somoe. Amka, kumekucha. Maji hayajachotwa.”

Nikarudia kwa Kimakonde, kwa ile sauti ya kugomba.

Zilianza nyusi. Zikakunjana. Halafu paji la uso, halafu macho yakafunguka kidogo, mekundu, yana hasira ya mtu aliyekatishwa usingizi.

“Ahaa,” nesi akasema. “Amenuna huyo.”

“Ndivyo anavyoamka.”

“Haya Somoe, mbane dada yako mkono.”

Alinibana mpaka pete ikaniuma. Sikuutoa mkono.

Ijumaa asubuhi ndiyo wakautoa mpira. Wakaniruhusu kukaa, kwa sababu alikuwa akiniona anatulia. Walikuwa wameshaipunguza mashine, wamemwacha avute mwenyewe huku inamsaidia kidogo, na alikuwa ameweza. Wakamwinua akakaa nusu. Wakapitisha mpira mwembamba wa kunyonya makohozi, machozi yakamtoka, nikamfuta. Wakabandua plasta taratibu, moja shavu hili, moja lile. Daktari akamwambia, Somoe, nikisema kohoa, kohoa kwa nguvu zako zote.

Nikasema moyoni, Mungu, hapa sasa hakuna mashine. Ni wewe na yeye.

“Kohoa.”

Akakohoa na mpira ukaja. Ulikuwa mrefu. Sikujua kwamba kitu kirefu kiasi kile kilikuwa ndani ya mtu wangu. Mashine ikaanza kulia kama inalalamika kunyang'anywa, nesi akaizima, na chumba kikawa kimya namna ambayo sijawahi kuisikia.

Hakuvuta.

Nikamwangalia daktari, daktari anaangalia kifua. Nikaangalia kifua. Nilikuwa nimeziba pumzi yangu mwenyewe bila kujua.

Akavuta.

Ile ya kwanza ilikwaruza, mbaya, kama bati linaburutwa chini. Akakohoa, wakamnyonya tena makohozi mdomoni, wakamvisha barakoa ya oksijeni. Akavuta ya pili. Ya tatu ilichelewa, ya nne ikawahi. Halafu akashusha moja ndefu, kama mtu aliyetua ndoo. Kifua hakikwenda tena sawasawa. Kilikwenda ovyo, kama cha watu wote, nami sijawahi kuona kitu kizuri kama kile.

Mimi huvuta pumzi nikiosha vyombo, nikimgombeza Jafari, nikipanga foleni ya unga. Sijawahi kuishukuru hata moja. Ijumaa nilisimama pale nikamsikiliza mtu anapumua kama wengine wanavyosikiliza mawaidha.

Walisema asiongee sana, koo lina uvimbe, na maji asipewe mpaka waseme wao. Lakini Somoe ni Somoe. Akanivuta gauni, akaisogeza barakoa kidogo. Sauti haikuwepo, ilikuwa hewa tu yenye maneno.

“Jafari yuko na nani?”

Jafari alikuwa nje na Issa, mume wake, aliyekaa kwenye benchi kapakata watoto wawili, mmoja kila paja, anaogopa hata kujikuna. Yeye aliuliza wa kwangu. Wa kwake hakujua yupo.

Kabla sijapanga maneno, Mama Issa akaruhusiwa kuingia, mikono imeinuliwa. “Mama Zubeda! Mama Zubeda mwanangu, pole, pole sana.”

Somoe akamtazama, kisha akanitazama mimi.

“Mama Zubeda ndiye nani?”

Nesi akageukia ukutani, mabega yanamtikisika. Mama Issa akaketi kwenye kiti, akajifunika uso na ushungi wake, na sikuweza kujua kama anacheka au analia. Nadhani yote mawili. Alipofunua uso akaniambia, kwa sauti ndogo, “Mwambie wewe. Wewe ndiye anayekusikia.”

Nikamwambia. Umejifungua, Somoe. Wa kike. Mzima. Mkono wake ukatambaa juu ya shuka mpaka tumboni, ukapapasa, ukakuta pamelala. Aliniangalia kama ninamsimulia habari za jirani. Kisha akafumba macho, na chozi likapita chini ya barakoa.

Leo wamemhamishia wodi ya wazazi. Daktari amesema anaweza kumnyonyesha. Nimempeleka mtoto mwenyewe, nimemwogesha, nimemvisha kofia ambayo Jafari hajaifikia.

Nikiri hapa, kwa kuwa hapa hakuna wa kunisikia. Njiani nilitembea polepole. Nimemzoea. Najua anavyokunja vidole vya miguu akishiba.

Nilipomweka kifuani kwa Somoe, mtoto akalia. Akakataa titi. Kichwa akakigeuza kuja upande wangu, mdomo wazi, anatafuta. Somoe akajaribu tena, kidonda cha tumbo kinamuuma. Mtoto akazidi. Wanawake wa vitanda vya jirani wakageuka kutazama.

“Anakunusa wewe,” nesi akaniambia.

“Mchukue, dada,” Somoe akanong'ona. “Hanijui.”

Mikono yangu ilikuwa imeshanyooka. Nikairudisha.

“Na wewe humjui,” nikasema. “Mjuane. Mimi natoka.”

“Dada, usiende.”

“Niko hapo nje.”

Nimetoka. Nimesimama ukutani, wanapoanika kanga, nasikia kilio cha mtoto dirishani, na maziwa yakaanza kunitoka yenyewe, yakalowanisha blauzi hadi kiunoni. Mwili ulikuwa unamjibu, na miguu niliikataza. Mama Issa akaja akasimama kando yangu. Alivua ushungi wake akanifunika kifua.

Kilio kikapanda. Kikakatika, kikaanza tena, chini kidogo. Ndani nikasikia ile sauti ya hewa tupu ikisema jambo, sikulipata.

Halafu kimya.

Nilitaka kuchungulia. Mama Issa akanishika mkono, akatikisa kichwa. Tukabaki tumesimama vile, wanawake wawili, tunasikiliza mtoto anayemeza.

Sasa nipo nyumbani. Jafari amenyonya upande mmoja akasinzia, hana mpinzani, ametanua mikono kama bosi. Upande wa pili umejaa mpaka unauma. Upande huo usiku huu hauna mwenyewe.

Nitakamua kidogo, nilale.