Zaina, Treni Njo Iligonga Sultani

Kwako Zaina bibi yangu, Mama Sifa, uliye kule kilimani unapumuzisha masikio yako juu ya vile miye sipo,

Kama kuna muntu amefika huko kwako na kukusimulia habari ya gari yetu Sultani na treni, usimusikilize. Wote wanaisimulia vibaya. Mama Furaha, jirani yetu wa mihogo, anasema treni ilikuja mbio sawa risasi. Uongo. Kasongo mufundi anasema gari iliruka, ikazunguka hewani mara tatu, ikaanguka inaangalia Kibombo. Uongo tena, na Kasongo mwenyewe hakukuwa pale, alikuwa anakunywa. Kule ngambo ya muto, Alunguli, wanasema miye njo nilikufa, na kuna mwanamuke mumoja alilia siku mbili. Jina yake sikuambii, utaamuka.

Miye njo nilikuwa pale. Na kutoka hapa mupaka Kampene hakuna muntu anajua kusimulia sawa miye, weye mwenyewe ulikuwa unasema. Sawa, ulikuwa unasema, "Baba Sifa, uongo yako moja inashibisha kijiji kizima." Miye niliipokea kama sifa.

Sultani ungali unamukumbuka. Bleu ya mbingu, fimbo ya kubadilisha vitesi kando ya volan ya kuongozea, ile tuliinunua kwa Mugiriki muuza nguo wakati anarudi kwao. Leo iko peke yake Kindu nzima. Saidi mutoto wetu, kule Lubumbashi, anasema Ulaya kuna watu wanatafuta gari za zamani sawa hii, wanaziweka ndani ya nyumba, wanazipanguza na kitambaa laini, hata mvua hazijui. Nikamuambia, "Kumbe mama yako alikuwa muzungu," juu ya vile weye ulikuwa unaipanguza kila Ijumaa na kipande ya kitenge, na miye unaniacha na matope yangu.

Saidi njo alilipa asiransi, bima ya gari. Si ile ndogo ya kuonyesha polisi. Ile kubwa, inatengeneza gari hata kama kosa ni yako. Sharti ni moja tu kwenye karatasi: kama umedanganya juu ya ajali, hawatoi hata bulo moja ya kufunga gurudumu. Zaina, nilipoelezwa ile sharti, nikajua kuna muntu wa Kindu aliwaambia habari yangu.

Lakini nianze mbali kidogo. Bila weye hakungekuwa na gari ya kugongwa.

Wakati ya vita kila gari yenye kutembea ilikuwa ya waaskari. Hawa wanachukua, kesho wanakuja wengine, wanachukua iliyobaki. Miye nilitaka kumukimbiza Sultani porini, upande wa mji wa Kama, miye na panga yangu, wanaume kumi hawangeniweza. Ukaniangalia tu. "Utapita njia gani, ya juu?" Kisha ukakaza kitenge, ukaita majirani. Siku mbili, Sultani akaisha kufunguliwa. Milango minne, nyumba nne. Magurudumu kwa Mama Furaha, watoto wake wakayafanya viti. Volan ukaitundika jikoni, ukapanga humo vifuniko vya sufuria. Na moteri, ee Zaina! Moteri tukaipaka mawese, tukaifunga na turubai, tukaizika kwenye ua, tukaijengea kaburi nzuri na jiwe upande wa kichwa. Siku zile watu walikuwa wanazikwa kwenye ua, njia ya makaburi kule kilimani haikupitika.

Waaskari wakafika. Mukubwa wao akaona mwili wa gari, kuku inalalia mayai kwenye kiti ya shoferi. Akauliza, "Moteri iko wapi?" Miye nikafungua kinywa, nilikuwa na maneno mazuri sana. Weye ukanikanyaga muguu. Weye, mwanamuke asiyedanganya hata muuza samaki, ukaanguka juu ya lile kaburi: "Acheni mambo ya moteri! Mama mukwe wangu amelala hapa! Alinipenda sawa mutoto wa tumbo yake!" Mukubwa akavua kofia. Wenzake wakavua. Mumoja akatoa chumvi kidogo mufukoni, akasema ni ya matanga.

Na mama yangu alikuwa jikoni, muzima kabisa, anatwanga majani ya sombe, muchi umebaki hewani. Walipoondoka akatoka, mikono kiunoni. "Zaina! Miaka yote hii hujaniambia neno la kunipenda. Kumbe ulikuwa unangoja nikufe?"

Ukamujibu, "Mama, ulikuwa umekufa vizuri sana, mbona unaharibu?"

Ile chumvi alikula peke yake. Alisema matanga ni yake. Na vita ilipoisha, siku ya kufukua moteri, alileta kiti akakaa pale pale kutusimamia: "Munifufue polepole, mifupa yangu ya zamani."

Sultani alikuwa amesimama tena kwa magurudumu yake siku tatu tu wakati tulisikia treni ya kwanza inarudi Kindu. Tukamupeleka nyuma ya gare, stesheni yetu, pale njia inakata reli. Mutaa mzima ulikuwa pale. Moshi ikaonekana mbali, na weye, mama wa watoto sita, ukapanda juu ya kapo, kifuniko ya moteri, ukaanza kucheza. Nikalia, "Mama Sifa, kapo itabonyea!" Ukasema, "Ibonyee!" Ikabonyea. Fasi mbili, mahali pa kila muguu. Kasongo alitaka kuinyosha, nikamufukuza.

Basi, ajali yenyewe.

Ilikuwa Ijumaa, kisha kutoka sala. Bibi arusi mumoja wa Mikelenge alitaka kupigwa foto na Sultani katikati ya reli. Nikaisimamisha pale nyuma ya gare, juu ya reli zote mbili, vizuri, sawa mukate kwenye meza. Usinilaumu! Unajua treni yetu. Toka mvua ya kwanza haikufika. Reli kwetu ni ua ya watu wote. Mama Furaha alikuwa ameanika mihogo kwenye vyuma. Kinyozi aliweka kiti yake katikati ya mataruma, alikuwa na muteja nusu ya kichwa. Mbuzi zilikuwa zinalala.

Tukasikia: "Puuu!"

Kinyozi akasema, "Ni mashua, kule mutoni."

"Puuu!" tena. Na mashua haitikisi kiti.

Zaina, ungeona! Mama Furaha alikusanya kwanza mihogo yote, kisha njo akaita watoto wake. Muteja wa kinyozi alikimbia na nusu ya nywele, mupaka leo hakurudi kukatwa ile ingine. Bibi arusi alivua viatu, akapandisha nguo, nikamubeba kwa mukono moja nikamutupa kwenye majani. Na treni ikaja. Mbio gani? Ilikuja polepole sawa muzee anatafuta ndala chini ya kitanda. Shoferi wake anapiga freni, anapiga honi, anapiga kelele, anatoa kichwa dirishani: "Muzee, toa gari!" Nikamujibu, "Weye toa treni!" Ikamushika Sultani ubavuni, ikamusukuma hatua ishirini, kwa adabu, ikasimama. Milango miwili ikakunjwa. Kioo ya mbele ikawa sukari. Taa moja ikaangalia mbingu.

Nikapata haya. Muntu wa miaka yangu aseme alisimamisha gari juu ya reli? Nikaandikisha kwa asiransi kwamba Sultani alizimika pale, akakataa kuwaka. Uongo ndogo tu, Zaina, ya kufunika kichwa. Lakini uongo ile njo ilitaka kuua gari yetu.

Juu ya ile, asiransi walituma muntu. Madamu moja kijana, muntu wa Kasai, miwani, viatu vya porini, sauti ndogo. Alishuka kwa ndege, akaniambia, "Muzee, kule ofisini walicheka. Wanasema Kindu treni haifiki. Sasa imegonga gari namna gani?"

Majirani waliposikia kuna Madamu wa asiransi, wakaja wote kunisaidia. Mungu anilinde na musaada. Mama Furaha akaapa kwamba Sultani alikuwa anatembea na treni ikamukimbiza nyuma. Kinyozi akasema hapana, gari ilikuwa kando, treni njo ilitoka kwenye reli ikaifuata. Kasongo akaweka ile yake ya kuruka hewani, akaonyesha na mikono. Kila muntu akimaliza ananikonyeza, sawa kusema, umeona navyokusaidia?

Madamu akafunika kalamu. "Muzee, watu watatu, na weye wa nne. Ajali nne. Nikirudi na hii, dosie, faili yako, imekufa."

Kasongo akaniinamia sikioni: "Bila vyuma vya asiransi miye siwezi. Milango, kioo, hakuna fasi nitatoa. Tutamukata tu Sultani, tufanye majiko ya makala."

Majiko! Sultani aliyepita vita nzima bila kuguswa na waaskari, aivishe maharagi ya watu!

Madamu akasema, "Ngoja kwanza nione gari." Akazunguka, kalamu mukononi. Mulango, treni. Mulango wa pili, treni. Taa, treni. Akafika kwenye kapo, akaweka kidole kwenye ile mibonyeo miwili.

"Na hii?"

Watu wote wakapiga kelele: "Treni! Treni!"

Alikuwa anaandika tayari. Ningenyamaza, wangeninyoshea kapo bure, ingewaka sawa siku ya Mugiriki. Lakini nikaona treni inataka kuchukua kitu haikufanya. Ile ilichukua milango, sawa. Kucheza yako ilichukua lini?

Nikasema, "Hapana, Madamu. Hii si treni. Hii ni bibi yangu."

Mama Furaha akanivuta shati. "Baba Sifa, nyamaza!" Nikatoa mukono yake.

Madamu akaniangalia juu ya miwani. "Bibi yako aligonga gari?"

"Alicheza juu yake. Siku treni ya kwanza ilirudi kisha vita kuisha. Huu muguu ya kuume, huu ya kushoto. Usiandike ajali hapo."

"Muzee, unakataa kitu ya bure?"

"Ile ninakataa."

Akafuta fasi aliandika. Akaniambia, "Sasa nieleze ingine yote sawa umenieleza hii." Akafukuza watu, akakaa na miye kwenye ubao. Na Zaina, sijui nini ilinishika, nikasema. Gari haikuzimika. Miye njo niliisimamisha pale, na mukono yangu, na akili yangu timamu. Akauliza, "Juu ya nini?" Nikamuambia juu ya nini. Akatoa miwani, akaipanguza, akairudisha, akaitoa tena. Kisha akataka kuona reli. Tukaenda. Akakuta mihogo, mbuzi, kinyozi na muteja mupya. Akacheka mupaka akashika nguzo. Akaandika pale pale, amesimama.

Siku ya kuagana akasema, "Muzee, kwenye kazi yangu muntu anaongeza mibonyeo. Weye wa kwanza kupunguza." Nikamuambia ni kawaida yangu, Kindu nzima wananijua kwa kusema kweli. Mama Furaha akakohoa mupaka akaenda kutafuta maji.

Asiransi wakakubali, juu ya vile uongo yangu niliitoa mwenyewe. Saidi akapata kioo na milango kule Lubumbashi, kwa muzee mwenye gari ya namna hii iliyokufa. Na zilifika na nini? Na treni! Ile ile, shoferi ule ule. Aliponiona kwenye gare akaruka chini kwanza kuangalia kama kuna gari mbele. Tukabeba kioo watu sita, kwa kuimba, wanawake mbele wanafagia njia. Kasongo akanyosha kilichobaki juu ya kipande ya reli, anapiga nyundo, anasema, "Reli, weye uliharibu, weye utatengeneza." Siku tisa. Alipofika kwenye kapo, nikaleta kiti nikakaa. Hakugusa.

Leo Sultani anawaka. Nilimupitisha mutaa mzima, watu wakatoka na sufuria wanapiga. Mama yangu angekuwepo angesema amefufuka mara ya pili na hakuna aliyemuletea chumvi. Miye nilikuwa nimevaa koti yangu ya arusi, na usicheke, inafunga bado. Karibu ifunge.

Sasa nikuache upumuzike. Lakini, Zaina, weye ulikuwa unajua siku zote fasi ninapotia chumvi, hata bila kuangalia, umegeuka unapepeta muchele, unasema tu, "Hapo, Baba Sifa." Basi niseme mbele ya weye kusema. Bibi arusi hakukuwapo. Nilimutunga. Sikubeba muntu kwa mukono moja, siku ile nilijibeba mwenyewe na ilikuwa shida. Madamu anajua, nilimuambia yote. Kila Ijumaa kisha kutoka sala ninasimamisha Sultani pale ulipocheza, ninafungua mulango wa upande yako, ninakupa habari ya juma. Na siku ile nilikuwa nakuambia mutoto wa Sifa amezaa mapacha, wasichana, na mumoja alitoka amekunja uso, ananiangalia sawa hanisadiki. Nilicheka sana, Zaina. Njo maana sikusikia treni.

Ijumaa nitakuja. Nitasimama kando ya reli, si juu.

Miye bwana yako,
Baba Sifa