Mfupa wa Dada Uko Gereji

Mpendwa mshauri,

Mimi si mtu wa kuomba msaada, waulize majirani watakwambia msaada huombwa kwangu, mimi ni fundi wa magari mwaka wa ishirini na saba huu, shule niliiachia darasa la sita kwa sababu mwalimu alichoka kushindana nami, injini nikiisikia tu ikipita barabarani nakwambia inaumwa nini na dereva wake kaamka vipi, lakini safari hii nimejifunga mwenyewe na naomba unifungue haraka, maana hapa ninapoandika kalamu imenishinda mkononi, na mkono huuhuu uliwahi kushikilia gari zima siku jeki ilipoteleza.

Ni habari ya dada yangu. Ana miaka sitini na sita, ndiye aliyenilea, na mwezi uliopita alivunjika nyonga. Binti yake, huyo mpwa wangu, anafanya kazi mji mwingine, basi hospitalini nikawa mimi msemaji wa ukoo. Daktari akauliza, "Alianguka vipi?" Ukweli, mshauri, dada alikuwa jikoni, akageuka kuokota mfuniko wa sufuria, akasikia mlio "kwa!" kwenye nyonga, ndipo akaanguka. Alinieleza mwenyewe njiani. Sasa mimi nimwambie daktari kwamba mwanamke aliyelea watoto sita na mimi wa saba kaangushwa na mfuniko? Nikasema alikuwa anashuka ngazi na gunia la mkaa. Nesi akasema pole moja nzito, nikaona inafaa, nikaongeza ngazi zikawa za ghorofa mbili. Dada mwenyewe alikuwa keshachomwa sindano ya maumivu, anakoroma.

Upasuaji ulikwenda vizuri ajabu. Walitoa kichwa cha mfupa wa paja, lile duara linalozunguka ndani ya nyonga, wakaweka la chuma, kazi safi, na mimi kazi safi naijua. Kesho yake dada kasimama, ananifokea, "Wewe, acha kunishikashika kama yai." Nilifurahi hadi nikamkumbatia mlinzi wa getini, ambaye tulikuwa hatusalimiani tangu siku ya kwanza.

Siku ileile ya upasuaji nesi alikuwa amenitokea na kopo jeupe, mfupa wa zamani umo ndani umelowekwa kwenye dawa, fomu imefungwa juu kwa mpira. "Baba, peleka hiki maabara, jengo la nyuma, dirisha la pili. Kila mfupa tunaoutoa unapimwa."

"Unapimwa nini tena, na umeshatoka?"

"Peleka tu, baba. Si wewe ndiye ndugu?"

Sasa nielewe, mshauri. Gereji ina sheria yake, ukibadilisha kifaa, cha zamani unamkabidhi mwenye gari aone kwa macho kwamba kweli umebadilisha, fundi asiyetoa kifaa cha zamani huyo ni mwizi, na sheria hiyo sijaivunja miaka ishirini na saba. Nilifika hadi lile dirisha, foleni imetoka nje ya mlango, nikajiuliza, boljointi ya gurudumu ikishakwisha nani anaipima? Inaoneshwa, kisha inatupwa. Nikatia kopo kwenye begi nikaondoka.

Liko gereji, rafu ya juu, kati ya oili na maji ya betri. Na sikufichi, limeniletea heshima. Madereva wanapita kuliona hata gari lao likiwa zima. Nimewasimulia kwamba mfupa ulikuwa mgumu hadi msumeno wa daktari ukang'oka meno, ikabidi nipigiwe simu nije na wangu. Kuna dereva wa lori tunamwita Kiberiti, kauinamia kaukodolea macho kisha akasema, "Fundi, mbona huku pembeni umeliwaliwa?" Nikamwambia hizo ni alama za nguvu.

Jumatatu tukaenda kliniki. Daktari akafungua faili, akageuza karatasi mbele na nyuma. "Majibu ya maabara siyaoni." Nikasema yako njiani. Jioni mpwa wangu akapiga simu, "Mjomba, mfupa wa mama umesemaje?" Mdomo wangu, mshauri, ukatangulia kama gari lisilo na breki: "Safi kabisa, mama yako ana mfupa wa simba." Akalia kwa furaha, akawapigia ndugu wote. Na jana dada alikuwa uani anatembea na fremu yake, akasimama kupumzika, akaniambia, "Unajua huu mgongo ulianza kuniuma kabla hata ya nyonga? Basi, kama majibu ni safi, ni uzee tu." Akacheka. Mimi sikucheka, na mimi ni mtu ninayecheka hata msibani.

Kliniki tena ni Ijumaa ya wiki ijayo, na mpwa wangu anakuja. Je, nilipeleke kopo kimyakimya, au niseme limepotea, au nitulie tu maana mgonjwa mwenyewe ananipita mwendo? Nijibu upesi, mshauri, nipo nipo tu hapa, naogopa hata kulitazama.

Ni mimi,
Mjomba Spana

*

Mjomba Spana,

Barua yako ilinifikia Alhamisi asubuhi, na sikungoja siku ya kuchapwa gazeti. Nilipiga namba uliyoandika, ukapokea, nikajitambulisha, ukaanza kunieleza habari za basi ulilolivuta kwa kamba ukiwa peke yako, simu ikakatika. Nilipopiga tena ilikuwa imezimwa. Basi nimemtuma mtu akuletee jibu hili; soma, na ukimaliza simama.

Nakupa pole kwanza, na ya kweli. Mtu aliyekulea akivunjika kwa jambo dogo kama mfuniko, inauma, na ukamtafutia anguko la hadhi yake. Naelewa. Lakini umekosea mara tatu, na kopo ndilo kosa dogo kuliko yote.

Nimeongea na daktari wa mifupa ninayemwamini. Anasema mifupa mingi inayopelekwa maabara baada ya upasuaji wa nyonga hurudi na jibu lilelile, kwamba imepungua nguvu kwa umri, basi, hakuna jipya. Wachache sana hukutwa na kitu ambacho hakuna aliyekitarajia, saratani iliyojificha au ugonjwa wa damu uliokuwa unakula mfupa taratibu. Kwa sababu ni wachache, wapo madaktari wanaobishana, wanasema wapimwe wenye dalili tu. Nikamuuliza dalili zipi. Akasema: mtu aliyevunjika bila kishindo, aliyesikia mfupa ukilia kabla hajaanguka, mwenye maumivu mengine ya mifupa yaliyotangulia.

Umeziona? Dada yako anazo, na daktari wake hajaambiwa, kwa sababu wewe ulimshusha mgonjwa ngazi za ghorofa mbili na gunia la mkaa. Faili lake linasema kaanguka vibaya, na aliyeanguka vibaya hashangazi mtu akivunjika. Hapo ndipo unapoiona faida ya kupima kila mfupa bila kuchagua: wagonjwa wanasahau, na ndugu zao wanatia chumvi. Kitu pekee ambacho hukuweza kukitia chumvi ni huo mfupa, nao ukauficha.

Sisemi dada yako ana ugonjwa mbaya. Mimi sijui. Wewe pia hujui, ila wewe ulisema "safi," na mwanamke yule sasa anauvumilia mgongo wake kwa neno lako.

Na hiyo sheria yako ya gereji naiheshimu, lakini hebu niambie, mwenye kifaa ni nani? Kiberiti kakiona, madereva wote wamekiona. Dada hajakiona hata siku moja.

Fanya hivi, na ni leo, si Ijumaa ya wiki ijayo. Kopo usilifungue, usilisafishe, usiongeze chochote ndani, na fomu yake usiitenganishe nalo. Nenda kwa dada yako kwanza. Kaa chini, mwambie yote kuanzia mfuniko. Atakutukana, nyamaza atukane amalize, usijitetee kwa mzaha. Kisha mpigie mpwa wako mbele ya mama yake useme, "Nilidanganya, majibu hayajatoka." Usiseme "kulitokea hitilafu."

Halafu mchukue dada na kopo lake mwende hospitali. Mtafuteni daktari kabla ya dirisha la maabara, na safari hii asimulie dada, wewe uwe mlangoni. Aseme kilichotokea jikoni, aseme mgongo ulianza lini. Wewe utataja jambo moja tu, tarehe uliyopewa kopo na mahali lilipokaa. Wao ndio watakaojua kama mfupa bado unapimika. Ukiwa haupimiki, kuna vipimo vya damu na picha, atafanyiwa, asikatishwe tamaa. Na wazo la kusema limepotea lifute kabisa, maana wataanza kutafuta kwa sindano na kisu mwilini mwake jibu ambalo huenda lipo rafuni kwako.

Ukitoka hapo, gereji watakuuliza, na majirani watakuuliza, dada anaendeleaje. Jibu: "Tunangoja majibu." Ni maneno mawili. Usiongeze la tatu.