Kiti Kimoja Ndani ya Kobe

Nyumba za Reli,
Voi.
16 Septemba 1978

Kwa shemeji yangu Gibson Mwandawiro,
Makwasinyi, Kasigau.

Salamu nyingi sana, shemeji. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba magoti ya mama mkwe yamepata nafuu tangu baridi iishe. Tumesikia ndovu wameingia tena mashambani huko. Ndambuki, yule dereva wa lori, aliniambia uligonga debe mpaka likatoboka, na ndovu mmoja akakutazama tu, kisha akaendelea kula mahindi yako. Nilicheka, halafu nikashangaa kwamba bado naweza kucheka. Mimi mwili ni mzima. Mengine utayasoma.

Ujumbe wako ulinifikia neno kwa neno. Ulisema mke wangu Tryphena yuko kwako, anakula kidogo, na jina langu halitaji. Ulisema pia kwamba umeishi na kuona mengi, lakini hujawahi kuona mwanaume anayeacha matanga ya mwanawe nyumbani na kwenda kucheza na vijimeli. Maneno hayo yaliniuma kwa sababu ni ya kweli. Sikuandikii ili tubishane. Najua dada yako hataifungua barua yangu, lakini wewe ukiisoma kwa sauti huku yeye anachambua maharagwe, huenda akaisikiliza na kujifanya hasikii. Unamjua.

Vijimeli vyenyewe unavikumbuka. Pasaka ile mliyotutembelea nilikupeleka kwa Bwana Menezes, yule Mgoa aliyekuwa stesheni masta, nawe ukatucheka mpaka ukatoka nje. Mzee huyo alipokuwa kijana alitumika kwenye meli za abiria zilizotoka Bombay kwenda Japani, akarudi na kichwa kilichojaa vita vya baharini vya kule, vya miaka karibu mia nne iliyopita, Wakorea na Wajapani. Kwenye meza yake ya kulia alitandika shuka alilolitia rangi kwa bluu ya kufulia, akaweka vipande vya magome kuwa visiwa. Vitabu alikuwa navyo, na dadu pia. Alichokosa ni merikebu. Siku moja aliniona nikitengeneza fremu ya dirisha la behewa, akaniuliza kama naweza kumchongea merikebu ya urefu wa kidole gumba. Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa ziwani, vyombo vya maji tunavichonga kabla hatujaota meno.

Ulikuwa uongo mtupu, lakini nilijifunza. Mabaki ya mbao za behewa yakawa merikebu, nywele za ufagio zikawa makasia, mkebe wa biskuti ukawa matanga. Kila Jumamosi alasiri tulipigana, yeye Wajapani wake wengi, mimi Wakorea wangu wachache. Merikebu iliyozama tuliiondoa mezani na kuilaza kwenye sinia la shaba karibu na dirisha. Jumamosi iliyofuata Bwana Menezes aliinua sinia lile, akazipanga zote upya juu ya shuka. Hakuna iliyowahi kubaki kwenye sinia. Nakuomba ulikumbuke jambo hilo.

Mwanangu Donald alianza kuja nami tangu kidevu chake kilipofika ukingo wa meza. Swali lake la kwanza lilikuwa watu wako wapi. Alizunguka meza yote akichungulia, akalalamika kwamba merikebu hazina watu. Nilimwambia kwamba kwa kipimo kile mtu angekuwa mdogo kuliko punje ya wimbi, hakuna mkono unaoweza kumchonga. Bwana Menezes naye akaongeza kwamba vitani merikebu ndizo zinazohesabiwa. Mtoto hakuridhika, lakini tulikuwa wazee wawili tunaotaka kurusha dadu, tukaendelea.

Vita alivyovipenda zaidi ni vile vya mlango mwembamba wa bahari, ambako mkondo unakimbia upande mmoja kama mto, kisha unageuka na kukimbia ulikotoka, na merikebu chache zikashinda nyingi. Na merikebu aliyoipenda zaidi ni ile yenye paa na miba mgongoni, ambayo sisi tuliiita kobe. Miba yake niliifanya kwa ncha za pini, na vidole vyangu vinazikumbuka hadi leo. Donald alitaka kobe aingie vita vile vya mkondo. Bwana Menezes alikataa katakata, kwamba vitabu vinasema kobe wote walikuwa wameshapotea kabla ya siku ile. Walibishana mwaka mzima. Mwishowe mzee alichoka, akampa kijana yule kobe awe wake kabisa, bora anyamaze.

Yaliyofuata uliyaona. Alipopata kazi ya ubaharia Mombasa, Tryphena alisema watu wa Kasigau hupanda mlima, hawaingii baharini, na kwamba watu wa ziwani wanajua kuvua lakini pia wanajua kuzama. Mimi nilisema ni kazi kama kazi nyingine. Aliondoka na kobe mfukoni mwa shati. Alituandikia kutoka Hong Kong, na baadaye kutoka Pusan. Alisema meli yao imepita karibu na maji yale yale ya mezani kwetu, na kwamba nimwambie Bwana Menezes bahari ya kule si ya bluu, ni ya kijivu, afue shuka lake upya.

Mwezi wa saba wakala wa meli alituma mtu kutoka Mombasa. Kulikuwa na dhoruba, Donald alikuwa anafunga mizigo, wimbi likamchukua. Walizunguka wakimtafuta mpaka bahari yenyewe ikawafukuza. Hawakumpata.

Ndugu zangu walifika kutoka nyumbani, wakaleta neno la desturi yetu. Kwetu mtu akipotea majini asionekane, huzikwa yago mahali pake, lile tunda la mwegea, refu na zito, ukilibeba mikononi unadhani ni mtoto mchanga. Walitaka nikubali siku ile ile. Waliongea chini ya turubai, hawakujua kwamba Tryphena yuko nyuma yao na sufuria ya chai. Aliweka sufuria chini, akawaambia kwamba hakumzaa tunda. Kisha akanitazama mimi, akingoja niseme kitu. Nilichukua kofia yangu nikatoka. Ilikuwa Jumamosi.

Aliponifuata alinikuta kwa Bwana Menezes, mbele ya shuka la bluu, dadu mkononi. Alisimama mlangoni kidogo tu. Niliporudi nyumbani, sanduku lake halikuwepo.

Sasa nitakwambia jambo ambalo sijamwambia yeyote. Bwana Menezes hakunialika siku ile. Shuka alikuwa amelikunja kwa heshima ya msiba, na aliponiona alianza kulia. Mimi ndiye niliyemsihi alitandike. Nilimwomba tupigane vita vile vya mkondo, na nikarusha dadu ovyo ili Wakorea wangu wazame wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka sinia likajaa. Halafu nikamwomba aliinue sinia azipange tena. Akazipanga. Nikamwomba tena. Nilitaka kuona kitu kilichozama kikirudi mahali pake. Miaka yote ile nilikiona kila Jumamosi, nikazoea, nikadhani ndivyo mambo yalivyo. Dada yako alipoingia ilikuwa mara ya nne au ya tano, sijui. Aliona mwanaume anacheza. Simlaumu. Nisingejua kumweleza, na hata sasa nikiandika naona aibu.

Lakini sababu hasa ya barua hii ni sanduku la Donald. Lilifika juma lililopita, nikalipokea pale stesheni. Nguo zake zilikuwa zimekunjwa na mtu mwingine, maana yeye hakujua kukunja. Ndani ya soksi nilimkuta kobe.

Nilipomshika, paa lilisogea. Nilidhani limevunjika, na kwa mara ya kwanza tangu habari zije nililia kwa sauti, kwa sababu ya kipande cha mbao. Lakini halikuvunjika. Alilikata kwa wembe, vizuri kuliko ambavyo ningelikata mimi, ili lifunuke. Ndani kuna watu, shemeji. Amewachonga kwa njiti za kiberiti, kila mmoja ameketi kwenye kiti chake, ameshika kasia lake, na kichwa chake ni doa la wino. Wengine wameinama, wengine wamenyooka. Mmoja anamtazama mwenzake kana kwamba anamsimulia jambo. Nilichosema hakuna mkono unaoweza, mkono wake uliweza, kwenye meli inayoyumba. Na mimi nimewazamisha mara ngapi juu ya meza ile, nikicheka, nikiwalaza kwenye sinia!

Kiti kimoja ni kitupu. Kasia lipo, mtu hayupo. Sijui kama hakuwahi kummaliza, au alikiacha hivyo kwa makusudi. Nimekitazama mpaka macho yakaniuma.

Mwambie Tryphena nimewaandikia ndugu zangu kwamba sitazika yago. Watanisema, waache waseme. Yeye alikuwa na haki, Donald si tunda. Lakini hatuwezi kumwacha mtoto hivi hivi, hana hata mahali pa mama yake kupanda ua. Nataka tumzike kobe huyu na watu wake. Kaburi lichimbwe atakapochagua yeye, hata likiwa huko Makwasinyi chini ya mlima wenu. Unajua kwetu mtoto huzikwa kwenye boma la baba yake, basi unajua maana ya mimi kusema hivyo.

Nimemchonga mtu wa kiti kile. Ilinichukua njiti nyingi, lakini yupo. Nimemfunga kwenye pamba ndani ya kiberiti. Nimejaribu kumweka mahali pake na nimeshindwa, maana nikimweka ndipo atakuwa amekufa. Mwambie dada yako siwezi kumweka peke yangu. Aje tumweke pamoja.

Nisalimie mama mkwe sana, na watoto mmoja mmoja kwa majina. Bwana Menezes pia anawasalimu. Amelifua shuka lake na limebaki la kijivu. Lori la Ndambuki hurudi Voi siku ya Alhamisi, nitakuwa nimesimama pale barabarani, na Tryphena asipokuwemo nitasimama Alhamisi inayofuata.

Ni mimi shemeji yako,
Nashon Ajwang',
Baba Donald.