Kumi na Mmoja wa Shimo Namba Nne

Kigali, 4 Machi 1991

Baba mpendwa,

Amahoro. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila nimechoka kupita kiasi. Nimepewa kuandika kitabu cha miaka arobaini ya Kampuni ya Bati ya Gasura, na tangu Januari tumeletewa wakurugenzi wawili. Kila anayekuja anasoma ukurasa wenye picha yake tu, anataka iwe kubwa kuliko ya aliyemtangulia, basi! Jamani, hii ni kazi gani? Wewe ulikuwa kapita, msimamizi wa wachimbaji, mgodini miaka ishirini. Nisaidie.

Binti yako,
Kanyange

Gasura, 30 Machi 1991

Mwanangu,

Namshukuru Mungu, mgongo ni uleule. Wakurugenzi waache wagombanie picha. Wewe andika habari za shimo namba nne. Mwaka 1968 liliporomoka na watu kumi na mmoja wamo ndani, kampuni ikaandika kwamba walitoroka kazi. Hadi leo jirani yangu Mukantwari anaitwa mke wa mtoro. Majina yote nimeyaandika nyuma ya karatasi hii. Yasipokuwemo, hicho kitabu msiniletee!

Baba yako,
Cassien

Kigali, 17 Juni 1991

Baba,

Natumaini u mzima. Umenikaripia kwa barua tatu, nami nimepekua makabati mpaka vumbi limenikaba koo, kwa sababu mkurugenzi mpya, Bwana Mutsinzi, anasema bila karatasi hakuna jina. Haya, karatasi nimeipata. Mkurugenzi wa wakati ule, yule Mbelgiji, ameandika: “Wafanyakazi kumi na mmoja wametoroka. Shimo limefungwa kwa kukosa madini.” Chini pana sahihi ya shahidi.

Ni yako, Baba. Miezi mitatu unanisukuma kama punda, kumbe! Kwa nini hukuniambia?

Kanyange

Kigali, 2 Septemba 1991

Baba,

Hujambo? Dereva wa lori la kampuni anasema hujambo, amekukuta unakunywa chai. Basi kalamu imekushinda nini? Kitabu kinakwenda kuchapishwa Desemba. Jibu!

Kanyange

Gasura, 11 Novemba 1991

Mwanangu,

Nakusalimu, ingawa mimi sina raha. Nilitia sahihi. Watu walikuwa ndani, niliwashusha mwenyewe asubuhi ile. Mkurugenzi aliniambia nikikataa nitaandikwa mtoro wa kumi na mbili, na wewe ulikuwa na wiki tatu. Niliogopa. Kila siku napita kwa Mukantwari, namsalimia, ananipa maji ya kunywa, na hajui. Nilitaka majina yao yaingie kitabuni, langu libaki nje. Ni aibu, najua. Fanya unavyoona.

Baba yako,
Cassien

Kigali, 20 Desemba 1991

Baba,

Noeli njema, wewe na majirani. Nimekukasirikia, na bado. Nikianza kukuonea huruma namkumbuka Mukantwari, hasira inarudi palepale.

Majina yote yamo, katika sura ya Mbelgiji. Karatasi ile imechapishwa nzima, pamoja na sahihi yako, na barua yako ya Novemba iko chini yake. Bila barua hiyo wangebaki watoro, na hakuna mwingine aliyekuwepo wa kusema. Bwana Mutsinzi hata hakuifungua sura hiyo. Wiki nzima tuligombana juu ya tai aliyovaa kwenye picha!

Nakutumia nakala ya kwanza. Umsomee Mukantwari wewe mwenyewe, kabla hajasikia kwa watu.

Binti yako,
Kanyange

Gasura, 4 Januari 1992

Mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. Leo nimekwenda kumsomea. Mstari wa sahihi niliurudia mara mbili. Alisikiliza mpaka mwisho, hakulia. Akaniuliza jina la mumewe liko wapi, akaweka kidole pale.

Halafu akasema: “Cassien, toka nyumbani kwangu. Kesho utasoma hayo kanisani, mbele ya wote walioniita mke wa mtoro. Hata sahihi yako usiiruke.”

Kesho ni Jumapili. Naogopa, mwanangu, lakini nitasoma.

Baba yako,
Cassien