Fishi zinazopotea kimya

Jumatano, jioni. Mvua imekawia, hewa imesimama juu ya Uvira.

Mimi ndiye ninayeandika watoto kwenye mashini, yaani kompyuta, katika kituo kimoja cha afya hapa Kimanga. Mtoto aliyekonda akipimwa, namfungulia fishi, yaani ukurasa wake humo. Akirudi, jina likionekana anapewa chakula cha dawa. Lisipoonekana, hapewi.

Leo alirudi mama mmoja wa Rurambo, kule milimani. Nilitafuta jina la mwanawe, halikuwepo. Lakini nilimwandika mimi mwenyewe juma lililopita, ninakumbuka hata kitenge cha mama. Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba mtoto hayumo.

“Mutoto iko hapa ku mugongo yangu,” alisema. “Namna gani weye unasema haiko?”

Muuguzi wetu, Mama Neema, alimpima mtoto upya akampa chakula bila kungoja mashini. Kwanza nililaumu kurant, umeme wetu, maana inakatika ovyo. Lakini watoto wengine niliowaandika siku ile walikuwepo. Basi nikamwandika tena. Tarehe ya kuzaliwa mama hakuijua, nikaiacha wazi kama mara ya kwanza, nikabonyeza kitufe cha Fermer, cha kufunga. Fishi ikajifunga vizuri, bila neno.

Nikafungua. Mtoto hakuwepo.

Nikarudia, safari hii nikibonyeza kwanza Enregistrer, cha kuhifadhi. Ndipo ikakataa: tarehe inatakiwa. Kumbe Fermer huhifadhi fishi iliyokamilika tu; yenye pengo inaitupa bila kuniambia.

Kaka yangu anayejua mambo haya aliniongoza kwa simu. Sasa kitufe cha Fermer kinahifadhi kwanza, na kikishindwa, fishi inabaki wazi na kueleza sababu. Tarehe isiyojulikana tutaikadiria. Nimejaribu na kujaribu. Inashika.

Lakini hiyo ni kwa watakaokuja.

Kuna akina mama niliowarudisha bila chakula kabla ya leo, nikidhani walipimwa kituo kingine. Wengi walishuka kutoka milimani, ambako tarehe hazijulikani. Waliondoka bila kubishana. Nilishukuru kwamba hawakubishana.

Nilimweleza Mama Neema yote, nikingoja anifokee. Akasema, “Kesho tunapanda kule juu kuwatafuta. Minye nitapima, weye utaandika.”

Nimekubali. Ila naogopa mlango wa kwanza. Nikiuliza mtoto yuko wapi, nitajibiwa nini?